Stelingi, Adui na Mshukiwa: Filamu za Kichekesho cha Upelelezi Bukoba na Muleba

Makala haya yanazungumzia jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wataliona kuwa dogo, tena la anasa: filamu za upelelezi zenye kuchekesha, na jinsi zinavyosimuliwa kwa Kiswahili mbele ya watazamaji wa Bukoba na Muleba, mkoani Kagera. Tumezoea katika kurasa hizi kujadili istilahi za kemia, za benki na za utawala, nazo zina haki ya kujadiliwa. Lakini kijana wa Nshamba au wa Kamachumu huenda hatafungua kijitabu cha istilahi za sheria maisha yake yote, ilhali jioni mbili tatu za juma amekaa juu ya benchi katika kibanda umiza akisikia maneno kama mtuhumiwa, ushahidi, upekuzi na hatia yakitamkwa kwa sauti kubwa kuliko ya hakimu yeyote. Ikiwa twataka kujua Kiswahili cha sheria kimefika wapi miongoni mwa wananchi, hapana budi tuende tukakae katika benchi hilo.

Upelelezi wenye mzaha si mgeni katika fasihi yetu. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi wa hadithi la mwaka 1957-58, na kazi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ikachapishwa mwaka 1960. Humo tulimpata Bwana Msa, mpelelezi asiye askari, na mwenzake Najum, ambaye kazi yake kubwa ni kushangaa. Faraji Katalambula akafuata mwaka 1965 na Simu ya Kifo. Kisha alikuja Willy Gamba wa Elvis Musiba, ambaye hacheki sana, kwa kuwa ana shughuli nyingi za kuokoa Afrika. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili alikwisha kufundishwa zamani kwamba fumbo na kicheko vyaweza kukaa katika chumba kimoja. Swali letu ni kama mtazamaji wa filamu amepewa mafunzo hayo hayo.

Filamu zinazoonyeshwa katika vibanda vya Kagera hutoka nje kwa wingi, nazo husemwa kwa Kiingereza, Kichina, Kihindi au Kikorea. Juu yake hukaa sauti ya mtu mmoja anayeeleza yote: wahusika wanasema nini, wanafikiri nini, na mara nyingi watafanya nini dakika kumi zijazo. Watu humwita DJ, na kazi yake huiita kutafsiri. Kwa mizani ya fani yetu majina yote mawili yamepungua. Mfasiri hushughulika na maandishi. Mkalimani hushughulika na mazungumzo, naye hutakiwa asiongeze lake. Mtu huyu huongeza lake kila anapovuta pumzi, na asipoongeza watazamaji hulalamika. Mimi nitamwita msimulizi wa filamu.

Usimulizi huu una ukoo mrefu. Wajapani katika enzi ya filamu zisizo na sauti walikuwa na wasimulizi wao walioitwa benshi, na baadhi yao walipendwa kuliko waigizaji wenyewe. Hapa kwetu, mradi wa filamu za elimu uliofanyika Vugiri, Usambara, kati ya mwaka 1935 na 1937 ulitumia maelezo ya lugha za Kiafrika yaliyorekodiwa katika sahani za santuri. Katika zama za kanda za video jina la Lufufu lilitosha kuuza filamu ambayo mnunuzi hakujua hata nani ameigiza ndani yake. Na kwa kuwa Bukoba imo jirani ya Mutukula, pamekuwapo pia mkondo wa pili, wa filamu zilizosimuliwa kwa Kiganda na mabingwa wa Kampala kama VJ Jingo, ambazo wazee wengi wa huku huzielewa bila taabu. Msimulizi wa Kagera anayetumia Kiswahili anajua basi kwamba nyuma yake kuna washindani wa kweli.

Tuanze na jina la aina yenyewe ya filamu, kwani hata hapo hatujakubaliana. Nimesikia "filamu ya kachero wa kuchekesha", "komedi ya polisi", "picha la mapelelezi na vichekesho", na katika mswada mmoja wa kitaaluma, "ramsa ya kijasusi". Hili la mwisho na tuliache lipumzike. Ramsa ni neno la jukwaa la tamthilia na halijatoka nje ya darasa. Na jasusi ni mtu anayetumwa kuiba siri za wengine, wala si anayetafuta nani kaiba kuku. Komedi ni neno lenye nguvu, hasa baada ya vipindi vya televisheni vilivyolipa umaarufu, lakini kwa Mtanzania wa leo limekwisha kuelekea zaidi kwenye vipande vifupi vya maigizo vyenye mavazi ya ajabu. Kichekesho ni neno la wote. Nakusudia basi kulitumia jina "kichekesho cha upelelezi" kwa filamu ambayo kosa la jinai ni kisingizio na kicheko ndicho shabaha, na "upelelezi wa kuchekesha" kwa ile ambayo kosa ni zito, wahalifu wanaua kweli, ila wapelelezi wenyewe ni watu wa kuchekesha. Tofauti si ya maneno matupu. Msimulizi anayejua yumo katika aina ipi anajua pia ni wapi anyamaze.

Na hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Wasimulizi wetu walijifunza kazi katika filamu za mapigano, na filamu za mapigano zimewapa istilahi mbili ambazo zimeenea kila kibanda cha nchi hii: stelingi na adui. Stelingi ni yule tunayemfuata. Hafi, au akifa filamu haina maana. Adui ni yule atakayepigwa mwisho. Katika hadithi ya kisasi maneno haya hayana dosari. Mtazamaji akichelewa kuingia humwuliza jirani yake swali moja tu, "Stelingi yupi?", akajibiwa, akaketi, na akaelewa kila kitu.

Filamu ya upelelezi haiendi hivyo. Yenyewe imejengwa juu ya kutojua. Adui yumo, tumemwona, huenda amekwisha kutupa tabasamu na kumkaribisha mpelelezi chai, lakini hatujaambiwa kuwa ni yeye. Anayesema "adui" mapema amefunga duka kabla ya wateja kufika.

Niliyashuhudia haya Muleba, mwezi wa Novemba, katika msimu wa senene, kibanda kimejaa hata watu wamesimama mlangoni na mifuko yao ya senene mikononi. Filamu ilikuwa Rush Hour ya mwaka 1998. Ndani yake binti wa balozi mdogo wa China anatekwa nyara mjini Los Angeles, na Inspekta Lee, anayeigizwa na Jackie Chan, anasafiri kutoka Hong Kong kwenda kusaidia kumtafuta. Wakubwa wa Marekani hawamtaki. Wanamtafutia askari wa kumshughulisha mjini asije akawaingilia, naye ni Carter, anayeigizwa na Chris Tucker, mwenye maneno mengi kuliko nidhamu. Mkuu wa genge lililomteka mtoto hajulikani. Linatajwa jina lake tu. Mwishoni inagunduliwa kuwa ni Mwingereza mheshimiwa aliyekuwa rafiki wa familia, ambaye tulimwona tangu mwanzo katika sherehe ya Hong Kong akipongezwa pamoja na wengine.

Msimulizi wetu, mara tu sura ya Mwingereza huyo ilipotokea katika sherehe ile, alitangaza: "Huyu hapa ndiye adui mkubwa, mwangalieni vizuri." Palikuwa na mzee mmoja mstaafu, aliyeketi mbele akitafuna kahawa polepole. Akageuka, akamwambia, "Kijana, ikiwa umeshatuambia mwizi, basi turudishie fedha zetu twende nyumbani." Watu wakacheka. Msimulizi akajibu kwa adabu, "Shikamoo mzee wangu, vuta subira, mapigano bado." Mzee akaitikia marahaba, akakaa, lakini kwa maoni yangu alikuwa amesema jambo ambalo wahakiki wa filamu huliandikia sura nzima. Kwake yeye mapigano hayakuwa ndiyo bidhaa aliyoilipia.

Ingekuwa kosa hata hivyo kumhukumu msimulizi yule kwa tangazo lile peke yake, kwani nusu saa baadaye alifanya kazi ambayo mfasiri yeyote wa ofisini angeionea wivu. Wasomaji walioiona filamu hii wanakumbuka mapokezi ya uwanja wa ndege. Carter anamdhania mgeni wake hajui Kiingereza, basi anapaza sauti, anavuta maneno, anaonyesha mdomo wake kwa kidole kama mtu anayesema na kiziwi. Lee ananyamaza na kutabasamu. Baadaye sana ndipo anapofungua kinywa na kusema Kiingereza barabara, na Carter anaona amefanywa mjinga. Mzaha wote umo katika lugha. Msimulizi anayegeuza kila neno kuwa Kiswahili anaua mzaha huo papo hapo, kwani katika masimulizi yake watu wote wawili wanasema Kiswahili tangu awali. Sasa ni nini alichoficha Lee?

Msimulizi wa Muleba alimpa Carter Kiswahili cha vijiwe vya Dar es Salaam, chenye maneno ya mtaani na majigambo, akamfanya amsemeshe Lee kama kijana wa mjini anavyomsemesha mtu aliyeteremka sasa hivi kutoka katika meli ya Mwanza, amebeba mkungu wa ndizi. Lee akampa ukimya, na humo ukimyani maneno machache ya Kihaya aliyoyanong'ona kama mtu anayejisemea. Kibanda kiliwaka. Kisha, ilipofika zamu ya Lee kusema, msimulizi alimpa Kiswahili sanifu, kilichonyooka, chenye viambishi vyote mahali pake, kama cha mwalimu mkuu anayesoma taarifa ya shule. Aliyepigiwa kelele kama mshamba ndiye aliyekuwa na lugha. Sijui kama filamu yenyewe ilipata kicheko kikubwa zaidi huko ilikotengenezwa.

Hapo tunaona kwamba uhuru wa msimulizi si kasoro. Katika mzaha, kufuata neno kwa neno ndiko kupotea. Lililo muhimu ni nani anamdharau nani, kwa lugha gani, na dharau hiyo itamrudia vipi. Kagera, yenye Kihaya chake, Kiganda cha mpakani na Kiswahili cha shule, ina malighafi tele kwa kazi hiyo.

Mfano wa pili ni wa mjini Bukoba, na filamu ni The Pink Panther ya mwaka 2006, ambayo Steve Martin anaigiza Inspekta Clouseau. Hii ndiyo hasa niliyoiita kichekesho cha upelelezi. Mhusika mwenyewe ni wa zamani: Peter Sellers alimwigiza kwanza mwaka 1963 chini ya mwongozaji Blake Edwards, na mwaka uliofuata katika A Shot in the Dark. Katika hiyo ya mwaka 2006 kocha wa timu ya taifa ya mpira ya Ufaransa anauawa uwanjani, mbele ya umati, na pete yake ya almasi inatoweka. Mkuu wa polisi, Dreyfus, anataka sifa ya kumkamata muuaji. Anamtafuta askari mpumbavu kuliko wote nchini, anampandisha cheo na kumpa kesi, ili waandishi wa habari wamwangalie huyo wakati yeye anafanya kazi kimya kimya.

Watumishi wa umma wanaosoma jarida hili wataona, bila shaka, kwamba filamu zote mbili zina chanzo kimoja: mtu anapewa kazi ili asiifanye. Carter amepewa mgeni ili mgeni asifike kwenye kesi. Clouseau amepewa kesi ili kesi isiguswe. Kicheko cha aina hii kimeota katika ofisi, na ndiyo maana hakihitaji maelezo mengi kikifika Bukoba.

Mauaji ya uwanjani yalimfaa sana msimulizi. Hakuusema uwanja wa Paris. Aliuita Kaitaba, na mara moja kila mmoja alijua jukwaa liko upande gani na mtu aweza kupenya wapi. Palipofika tukio mashuhuri ambapo Clouseau anafundishwa kutamka kwa lafudhi ya Kimarekani sentensi ya kuagiza mkate wenye nyama, akishindwa mara kwa mara na mwalimu wake karibu alie, msimulizi aliiacha nyama na mkate, akaleta yale maneno ya kutatiza ulimi tuliyochezea utotoni kuhusu watu wa Liwale na wali wao. Inspekta akayavuruga kwa kila njia inayowezekana baina ya l na r. Hapa pia nasema bila kusita kwamba tafsiri ilikuwa sahihi, ingawa hapana hata neno moja lililolingana.

Tena alimwita Clouseau "Nshomile". Ndugu msomaji asiyetoka Kagera ajue kwamba neno hili la Kihaya humaanisha kwa asili "nimesoma", na kwamba nchi nzima hulitumia kumtania Mhaya anayedhaniwa kujivunia kisomo chake. Wahaya wenyewe hulitumia kwa ustadi zaidi, kwa mtu ambaye majivuno yamemtangulia na kisomo kinakuja nyuma kwa miguu. Clouseau ndiye huyo hasa. Yeye si mjinga tu. Mjinga hachekeshi kwa muda wa saa moja na nusu. Anachekesha kwa sababu ana yakini kamili, na kila anapoanguka huinuka akieleza kwa nini ilikuwa lazima kuanguka. Kiswahili kina mjinga, mpumbavu, bwege, juha, zuzu na zaidi, lakini neno la mtu anayekosea kwa kujiamini, wala si kwa upungufu wa akili, si rahisi kulipata. Wako watakaosema kuwa hatuwezi kuingiza neno la kabila moja, tena la utani, katika istilahi za uhakiki. Ningewakumbusha kwamba "ngeli", ambayo walimu wa sarufi huitaja kila siku kwa uzito mkubwa, ilitoka katika Kihaya hicho hicho, kama ikulu ilivyotoka katika lugha za bara. Sipendekezi leo tulisanifishe neno nshomile; utani una mipaka, na mtu wa Muleba kulisema si sawa na mtu wa Dar es Salaam kulisema. Nasema tu kwamba msimulizi yule alikuwa na neno, na sisi hatuna.

Lakini basi, baada ya uhodari huo wote, aliipoteza filamu yake mahali pale pale alipoipoteza mwenzake wa Muleba. Karibu na mwisho Clouseau, akiwa ameshushwa cheo na kudhihakiwa, anatazama picha ya gazeti iliyopigwa siku alipokamatwa uwanja wa ndege. Nyuma yake katika picha hiyo kinaonekana kioo cha mashine ya kukagulia mizigo, na ndani ya kioo umbo la mkoba wa mwanamuziki Xania, anayeigizwa na Beyoncé, aliyekuwa mchumba wa marehemu. Almasi imo humo. Jambo lenyewe lilikuwa mbele ya macho ya nchi nzima, katika gazeti, na aliyeliona ni yule ambaye kila mtu alimwona hafai. Ni sehemu pekee ambayo filamu inamtaka mtazamaji anyamaze na kuangalia. Msimulizi wetu, aliyekuwa amenogewa, aliipita akiendelea na kisa cha watu wa Liwale. Watu walipoona almasi imetolewa kwenye mkoba walidhani inspekta amepiga ramli.

Kwa nini haya? Sidhani ni uzembe. Ni kwamba jambo lile halina jina katika usimulizi wetu, na kisicho na jina ni vigumu kukisimulia. Wasimulizi husema "ushahidi" kwa kila kitu: alama ya kiatu, barua, mtu aliyeona, picha ya gazeti. Kisheria ushahidi ni kile kinacholetwa ili kuthibitisha. Mpelelezi anapookota kipande cha kitambaa hajathibitisha chochote. Wengine husema fununu, lakini fununu husikika, haiokotwi. Kidokezo nimekiona katika vitabu vya vijana, nacho si kibaya, ila kinamtaka mtu wa kudokeza: unyayo katika tope haumdokezi mtu, umekaa tu. Mimi naliona neno dalili kuwa ndilo linalofaa kupita yote. Tayari hutumika kwa ugonjwa na kwa mvua, yaani kwa kinachoonekana kinachotuambia habari za kisichoonekana. Na lina sifa ambayo kichekesho cha upelelezi kinaihitaji sana, kwamba dalili yaweza kusomwa vibaya bila yenyewe kuwa ya uongo. Mkazi wa Bukoba, ambako wingu huja kutoka ziwani karibu kila siku, anajua vema kwamba wingu si mvua bado. Clouseau ni mtu anayefungua mwavuli kwa kila wingu, na siku moja, kwa bahati, analoa kila mtu isipokuwa yeye.

Msimulizi mwenye neno dalili anaweza kusema, "Dalili hiyo, itazameni," akanyamaza sekunde tatu. Kazi yake haitapungua thamani kwa sekunde tatu.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika kumtaja anayepelelezwa. Huko Bukoba, Xania aliitwa "mwizi" mara nne kabla ya filamu kufika katikati, na mwishoni ikadhihirika kwamba hakuiba: almasi alipewa na mchumba wake, na muuaji alikuwa mtu mwingine kabisa katika timu. Hakuna aliyeshangaa kuitwa kwake mwizi, wala hakuna aliyemwombea radhi. Katika magazeti yetu neno lililoenea ni mtuhumiwa. Ni neno zuri, lakini kutuhumu ni kitendo kinachofanywa kwa mdomo. Mtuhumiwa ni mtu aliyekwisha kunyooshewa kidole. Kabla ya hapo kuna hatua nyingine, nayo ndiyo nyumba ya filamu za upelelezi: mpelelezi anashuku, hajasema. Mtu huyo ni mshukiwa. Wenzetu wa Kenya hulitumia neno hili katika habari za polisi kila siku, na sisi huku bara tumelipuuza kana kwamba ni la kigeni, ilhali mzizi wake uko kinywani mwetu. Ningependa tuwe na ngazi tatu: mshukiwa akiwa bado katika fikira za mpelelezi, mtuhumiwa akishatajwa, na mshtakiwa akishafikishwa mahakamani. Mhalifu abaki wa mwisho kabisa, baada ya hukumu, na adui arudishwe katika filamu za vita.

Kuna atakayesema kwamba vijana waliolipia kiingilio hawakuja kufundishwa sheria. Ni kweli. Lakini tazama A Shot in the Dark ya mwaka 1964. Mtumishi wa nyumba, Maria Gambrelli, anakutwa na silaha mkononi, maiti moja baada ya nyingine, na kila dalili inamwelekea yeye. Clouseau anakataa kata kata kumwona muuaji, si kwa hoja, bali kwa kuwa amempenda. Mwisho wa filamu karibu nyumba nzima imeonekana kuwa na hatia ya jambo fulani, ila yeye. Mwite Maria "muuaji" tangu mwanzo, na Clouseau atakuwa mwendawazimu tu, asiyeona kilicho wazi. Mwite "mshukiwa", na papo hapo kinazaliwa kicheko chenye wasiwasi ndani yake: je, huenda huyu kichaa ndiye mwenye haki? Neno sahihi ndilo linalochekesha zaidi. Kwa hiyo sidai wasimulizi waache burudani wafuate sheria. Nadai kwamba katika filamu hizi vitu hivyo viwili vimefungwa kamba moja.

Na upande wa sheria si mdogo. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitishwa. Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Tangu hapo ofisi za istilahi zimekuwa na kazi nyingi ya kutafuta maneno kwa ajili ya majaji. Mwananchi atakayesimama mbele ya jaji huyo, akiwa shahidi au ndugu wa mshtakiwa, amekwisha kupata maneno yake mahali pengine, na mahali hapo wamemfundisha kwamba anayeonekana kwanza na uso mbaya ndiye mwizi. Vijitabu vya Tafsiri Sanifu vilivyoanza kutolewa miaka ya 1970 havikuandikwa kwa ajili ya vibanda, kwani vibanda havikuwapo. Sasa vipo, ingawa simu za mkononi zinavipunguzia wateja, na sauti za wasimulizi zimehamia humo humo simuni.

Juu ya jina la mpelelezi mwenyewe sina mengi. Mpelelezi ni la kiserikali na linafaa pote. Kachero lina wepesi na mzaha kidogo, nalo lawafaa kina Carter. Askari kanzu, neno la zamani la askari asiyevaa sare, lingekuwa tamu sana kulifufua, ila Bukoba lingezua balaa: katika arusi ya Kihaya, wazee wakishavaa kanzu na koti juu, mtazamaji atadhani polisi wamewazingira maharusi. Bwana Msa, kwa upande wake, hakuwa askari wa aina yoyote. Mpelelezi wa kujitegemea ndilo jina lake, nalo halihitaji marekebisho.

Limebaki jina la filamu. Katika diski niliyoonyeshwa Bukoba iliandikwa kwa kalamu ya wino "Chui wa Pinki", na kijana mmoja aliyekaa karibu nami aliendelea kumngojea chui huyo mpaka taa zikawashwa. Chui hakuna, isipokuwa katika michoro ya mwanzo: ni almasi, ambayo katika filamu ya mwaka 1963 ilielezwa kuwa na doa ndani yake lenye umbo la mnyama huyo. "Almasi ya Chui" ingesema kweli zaidi, na isingepoteza mvuto wa chui ukutani mwa kibanda. Wako watakaotaka rangi ya waridi nayo ihifadhiwe. Na waihifadhi, ilimradi neno almasi litangulie.